Wasiokuwemo Daftarini

Mama mjamzito anavua kandambili zake, anaegemeza mgongo ukutani, na mkunga anashusha kibao mpaka kiguse utosi. Ukutani umechorwa mstari wa sentimita 150. Aliye chini ya mstari anatiwa alama kwenye kadi yake, kwa kuwa mwanamke mfupi hudhaniwa ana nyonga nyembamba, na nyonga nyembamba humkwamisha mtoto. Kisha yanafuata maswali. Hii ni mimba ya ngapi? Wangapi wako hai? Kuna aliyezaliwa akiwa amekufa? Uliwahi kupasuliwa? Mwenye historia mbaya naye anatiwa alama. Wenye alama wanaambiwa wasijifungulie kijijini: siku zikikaribia waje mjini, wakae kwa ndugu karibu na hospitali, wangoje. Wasio na alama wanarudi nyumbani wametulia.

Kliniki nyingi za wajawazito barani Afrika ziliendeshwa kwa hesabu hiyo kwa miaka mingi, na ni hesabu inayoingia akilini upesi. Daktari aliyewahi kuamshwa usiku kumpasua mama aliyekaa na uchungu siku mbili anaikumbuka sura yake, anaukumbuka ufupi wake, anakumbuka kwamba hata mimba iliyotangulia ilimtesa. Akishawakumbuka watano wa namna hiyo, anakuwa na hakika. Lakini waliomkaa kichwani ni waliokwama tu. Wanawake wafupi waliojifungua salama alfajiri moja, wakaoga, wakarudi shambani baada ya siku arobaini, hao hakuwaona. Hawamo katika daftari lake.

Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti uliofanyiwa Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, ambao uliwatia daftarini. Watafiti walichukua habari za wajawazito 3,614, wakalinganisha kilichotabiriwa kliniki na kilichotokea siku ya kujifungua. Kati ya kila wanawake 100 ambao uzazi wao ulikwama, 71 hawakuwa wametiwa alama yoyote kwa historia ya mimba zao zilizopita. Na kati ya kila 10 waliotiwa alama, 9 walijifungua bila kukwama.

Ukiishi nchi ya lami na magari ya wagonjwa unaweza kuzisoma tarakimu hizo na kuzipita. Kusini mwa Maniema haziwezi kupitwa. Wale 71 ni kina mama waliorudishwa kijijini wakiwa wameambiwa hakuna shida, na kati ya kijiji na chumba cha upasuaji kuna msitu, mito isiyo na daraja na barabara inayopitika kwa baiskeli. Wale 9 ni kina mama walioacha watoto, mihogo na kuku, wakaja kungoja mjini wiki kadhaa hatari ambayo haikuwapo. Na mwenzao akishaona kwamba aliyeonywa amezaa bila tabu, safari ya pili ya kuonywa hatakwenda, labda siku hiyo hiyo ambayo onyo lingekuwa la kweli.

Miaka michache baadaye, mwezi wa Februari 1987, mataifa yalikutana Nairobi kuanzisha kampeni ya uzazi salama, na tarakimu za Kasongo zikawa miongoni mwa hoja zilizorudiwa katika mjadala uliofuata. Mwaka 1997, katika mkutano wa Colombo, msimamo ulikuwa umegeuka waziwazi: kila mimba ina hatari yake, na nguvu iliyokuwa ikitumika kumtabiri atakayekwama afadhali iende kumfikisha kila aliyekwama mezani kwa mpasuaji. Nadhani wakunga wengi wanaofanya kazi leo kwa mtazamo huo hawajawahi kulisikia jina la mji uliochangia kuwafundisha.

Sura hii inahusu jinsi daktari anavyofundishwa kuuliza maswali ya namna ile. Nimeianzia Kasongo kwa makusudi. Tukizungumza juu ya masomo ya uzamili na uzamivu katika utafiti wa tiba, mawazo yetu hukimbilia mabweni ya Ulaya, maabara zenye baridi, ndege. Ni kweli sehemu kubwa ya njia hiyo inapita huko. Lakini swali zuri huzaliwa mahali ambapo mgonjwa anaishi, na watu wa Kasongo na jirani yake Kabambare wana ushahidi wa hilo wa zaidi ya miaka arobaini.

Kwanza tulitazame neno daktari lenyewe. Katika Kiswahili cha Wamaza, upande wa Kabambare, kama ilivyo mashariki yote ya Kongo, daktari ni munganga. Mtu wa Dar es Salaam akisikia neno hilo atawaza hirizi na mitishamba. Mtu wa Kasongo atawaza koti jeupe na sindano. Kiswahili hiki kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa ngome ya Tippu Tip na wafanyabiashara wa pwani, na kikabaki hapo hata walipoondoka. Kwa hiyo munganga wa hospitali amerithi jina la mganga wa zamani, na nadhani amerithi pia namna yake ya kujua. Mganga wa zamani alijua kwa kuona wengi na kukumbuka vizuri. Mafunzo ya udaktari, kwa miaka sita au saba, yananoa kipaji hicho hicho: mgonjwa mmoja mbele yako, mguse, msikilize, umlinganishe na waliomtangulia.

Mafunzo ya utafiti yanamwomba mtu huyo huyo asiiamini kumbukumbu yake. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Hesabu za takwimu hujifunzwa kwa miezi. Kompyuta siku hizi hufanya nusu ya kazi. Kumfanya daktari mwenye uzoefu, anayeheshimiwa wodini, aulize “nani hayumo katika daftari langu?” kabla hajatamka anachokijua, hilo huchukua miaka, na wengine huondoka na shahada bila kuwahi kulipata.

Kasongo ilipataje watu wenye tabia hiyo? Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilikubaliana na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kuendesha huko mradi ambao ungejaribu kupanga huduma za afya za eneo zima. Walimu wawili wa taasisi hiyo, Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, ndio walioupa mradi fikra zake. Walitaka kujua kama hospitali moja ya wilaya, ikizungukwa na vituo vidogo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, inaweza kuwahudumia watu wote wa eneo badala ya wale wachache wanaoishi karibu na lango lake. Kila kituo kilikuwa na watu wake wanaojulikana, na habari za mgonjwa ziliandikwa kwenye fishi, yaani kadi, iliyobaki kituoni. Muuguzi aliyeichomoa fishi aliweza kuona nani amekuja, na pia nani alipaswa kuja na hakuja.

Fishi hiyo ndiyo siri. Hospitali ya kawaida inajua idadi ya waliougua ndani yake; haijui ni wangapi nje ya ukuta. Ukisema “watoto kumi wamekufa kwa surua,” msikilizaji aliyefundishwa atauliza mara moja: kumi kati ya wangapi? Bila ile idadi ya chini ya mstari, idadi ya watu wote, hakuna sehemu, na bila sehemu hakuna kulinganisha. Kasongo ilikuwa na idadi ya chini. Kwa sababu hiyo mji mdogo usio na chuo kikuu wakati ule uliweza kutoa makala zilizosomwa London na Geneva, na mpango wake wa vituo ukawa mmoja wa mifano iliyotazamwa Zaire ilipojigawa katika kanda 306 za afya katikati ya miaka ya 1980.

Ilikuwa shule pia. Madaktari vijana, Wabelgiji kwa Wazaire, walifanya kazi pale kisha wakaenda Antwerp darasani, au walitoka darasani wakaja pale. Wim Van Lerberghe alichapisha mwaka 1990 kitabu kizima juu ya ukuaji na vifo vya watoto wa mji wa Kasongo, na baadaye alikuwa mstari wa mbele katika Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008 ya Shirika la Afya Duniani. Pangu Kaza Asila, daktari wa Kizaire, aliandika tasnifu yake ya udaktari wa falsafa, iliyopokewa Brussels mwaka 1988, juu ya kupanga na kusimika vituo vya afya vya Kasongo. Alidai ndani ya kichwa chenyewe cha tasnifu kwamba afya kwa wote ifikapo mwaka 2000 inawezekana. Mwaka 2000 ulipofika Kasongo ilikuwa katikati ya vita. Hilo halikuwa kosa la hesabu zake.

Makala nyingi za mradi ule hazina jina la mtu. Zimesainiwa “Timu ya Mradi wa Kasongo.” Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na moyo wangu hautulii upande mmoja. Saini ya namna ile inasema kweli: utafiti ule haukuwa wa mtu mmoja, na muuguzi aliyepima watoto 40 siku moja ya mvua alistahili kuwa ndani ya jina hilo sawa na profesa. Lakini jina la kundi halimpatii mtu nafasi ya masomo. Aliyekuwa na shahada alirudi chuoni akaipanda ngazi, kwa sababu chuoni walimjua. Aliyejaza fishi alibaki na fishi. Kama ningeulizwa leo jinsi ya kupanga mafunzo ya utafiti Kasongo au Kabambare, ningeanza na huyo wa mwisho: muuguzi na daktari wa wilaya wasome pamoja, na ngazi iwe na vipago vya chini vinavyofikika kwa mguu wa kawaida.

Turudi kwenye kazi zao, maana kuna moja ambayo naiona kuwa somo bora kuliko vitabu vingi vya darasani.

Surua. Katikati ya miaka ya 1970 chanjo yake ilikuwapo, na hakuna aliyetilia shaka kwamba inazuia ugonjwa. Timu ya Kasongo iliuliza jambo la mbele zaidi. Mtoto aliyeokolewa na surua, je, anaendelea kuishi? Walifuatilia watoto wa umri wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakaandika nani yuko hai mwezi baada ya mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Katika umri ambao surua hushambulia zaidi, waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wenzao, kama ilivyotarajiwa. Lakini watoto walipokaribia miaka mitatu, mistari miwili iliyokuwa imeachana ikaanza kusogeleana. Waandishi walidhani wanaona hivi: baadhi ya watoto walionusurika surua walikuwa dhaifu, na kilichowakosa kwa mkono mmoja kiliwapata kwa mwingine, kuhara, malaria, kichomi.

Lilikuwa neno zito kutamkwa wakati ule. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Walsh na Warren, walikuwa wamependekeza nchi maskini zichague tiba chache zenye faida kubwa, chanjo zikiwa mbele, badala ya kujenga mfumo mzima wa afya. Kasongo ikajibu, kwa tarakimu, kwamba kuondoa ugonjwa mmoja hakutoshi ikiwa mtoto anabaki na njaa ileile, maji yaleyale na kituo kilekile kisicho na dawa.

Kisha likaja jibu la jibu. Peter Aaby, Mdenmark aliyekuwa akifuatilia watoto Guinea-Bissau tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, aliona kinyume kabisa: vifo vya watoto waliochanjwa surua vilipungua kuliko vile ambavyo kuzuiwa kwa surua peke yake kungeweza kueleza, kana kwamba chanjo iliuzoesha mwili kupigana na maradhi mengine pia. Mwaka 1995 yeye na wenzake walikusanya tafiti za nchi kadhaa, ya Zaire ikiwamo, wakaonyesha kwamba chanjo ilipunguza vifo vya sababu zote kwa asilimia 30 mpaka 86. Mji uleule, watoto walewale, hitimisho jingine.

Mwanafunzi wa utafiti akifika hapa huudhika. Anataka kuambiwa nani alikuwa sahihi. Mwalimu mzuri humrudisha mwanzo wa hadithi: waliochanjwa na wasiochanjwa, nani aliwagawa? Kura ya kuwagawa kwa bahati haikupigwa. Mtoto anaweza kukosa chanjo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, au familia ilikuwa imehamia shamba la mbali, au mtoto mwenyewe alikuwa na homa siku ile. Sababu hizo hizo zaweza kumuua baadaye, chanjo iwepo isiwepo. Unapolinganisha makundi mawili ambayo hayakugawanywa kwa kura unalinganisha pia nyumba mbili, mifuko miwili, mama wawili. Majaribio ya kura yaliyofanywa baadaye Guinea-Bissau nayo hayakutoa jibu moja, na wataalamu wanaendelea kuvutana. Maniema yenyewe haina anasa ya kungoja mwisho wa mabishano: mlipuko wa surua uliotangazwa Kongo mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Chanja kwanza. Bishana huku ukichanja.

Kuna utafiti mwingine wa Kasongo, juu ya kumpima mtoto kilo na urefu ili kutabiri kifo. Bangladesh ilikuwa imeonyesha kwamba kipimo hicho hutabiri vizuri. Kasongo hakikutabiri kitu cha kutegemewa. Naupita haraka, ila nautaja kwa sababu ya ushujaa wake. Ni rahisi daktari wa mahali padogo kuona matokeo yake yanapishana na ya mahali pakubwa, akayafungia sandukuni akidhani amekosea.

Kura, basi. Nani aliwafundisha madaktari wa Kongo kupiga kura juu ya maisha ya mgonjwa, na waliikubali vipi?

Mwaka 1995 Ebola ililipuka katika mji wa Kikwit. Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, aliyehitimu udaktari Kinshasa mwaka 1969 na kupata shahada ya uzamivu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, na aliyekuwa ameshaukabili ugonjwa huo Yambuku mwaka 1976, alikuwa na wazo. Waliopona wana kinga katika damu. Damu yao wapewe wagonjwa. Waliongezewa watu 8, wakapona 7. Katika ugonjwa uliokuwa ukiua wengi kuliko unaowaacha, nani asingeshangilia?

Wakosoaji hawakushangilia. Walisema wale 8 walipewa damu mlipuko ukielekea mwisho, walikuwa wamehudumiwa vizuri zaidi, na pengine wangepona hata bila damu. Hapakuwa na wa kuwalinganisha nao. Nadhani ukosoaji ule ulimuuma, na nadhani pia ulikuwa wa haki. Muyembe hakuliacha wazo. Kutoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit ilipatikana baadaye kingamwili iliyotengenezwa dawa, iliyoitwa mAb114.

Novemba 2018, Ebola ikiwa Kivu Kaskazini, jaribio likaanza Mangina, Beni, Katwa na Butembo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tibaviumbe ya Kinshasa aliyoiongoza Muyembe, pamoja na Wamarekani. Lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika dawa nne. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, kazi ikasimama, ikaanza tena. Agosti 2019 jaribio likakatizwa kabla ya muda kwa sababu jibu lilikuwa limejitokeza: kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35.1, na waliopewa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, asilimia 33.5, huku waliopewa dawa mbili zilizobaki walikufa karibu nusu au zaidi. Jina la kwanza katika makala iliyotangaza hayo, Desemba 2019, ni la Mkongo, daktari Sabue Mulangu.

Msomaji aone umbali kati ya 1995 na 2019. Wazo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na watu walioweza kuandika andiko la utafiti, kuitetea kura mbele ya kamati ya maadili, kuhifadhi dawa na sampuli, kufunga hesabu bila kuzichungulia, na kumweleza mgonjwa mwenye homa kali, akiwa nyuma ya plastiki, kwamba hawajui dawa ipi ni bora na ndiyo maana wanapiga kura.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninaloona linafundishwa vibaya kuliko yote. Fomu ya ridhaa huandikwa Kiingereza au Kifaransa, halafu hutafsiriwa usiku mmoja. Daktari aliyesoma takwimu kwa Kifaransa anajua maana ya kura. Hajui aiseme vipi kwa bibi wa Kabambare. Akisema “bahati nasibu,” bibi anafikiri wanacheza kamari na mjukuu wake. Akisema “tunajaribu dawa,” anasikia “tunakujaribu wewe.” Nimeona ufafanuzi unaoeleweka ukianza na kukiri: “Bibi, tuna dawa mbili. Mimi munganga sijui ipi inaponya zaidi. Ningejua ningekupa hiyo.” Maneno hayo humtoka daktari kwa shida kwa sababu alisomeshwa miaka saba ajue. Shahada ya utafiti isiyomfundisha kuyatamka kwa lugha ya mgonjwa, kwa uso mkavu wa heshima, haijamaliza kazi.

Nafasi za kusoma zimeongezeka. Kinshasa imekuwa na Shule ya Afya ya Jamii tangu 1984. Muhimbili, Nairobi na Makerere, kila daktari anayesomea ubingwa huandika tasnifu kabla ya kuhitimu. Juu ya tasnifu hizi nina la kusema, na si la chuo kimoja. Nyingi huandikwa ili zipite. Mwanafunzi hutafuta swali linaloweza kujibiwa kwa miezi sita kwa kufungua mafaili ya hospitali yake kubwa, akahesabu waliolazwa, akachora jedwali, akafunga. Ameandika juu ya waliofika. Mlima wa waliobaki nyumbani haumo, na hakuna aliyemwomba autazame, kwa kuwa kuutazama kungehitaji nauli, wauguzi wa vijijini na mwaka mzima. Ingekuwa heri tasnifu kumi za namna hiyo zikaunganishwa kuwa moja, wanafunzi kumi wakagawana kanda moja ya afya kama timu ile ya Kasongo ilivyofanya, kisha kila mmoja akatahiniwa kwa kipande chake, kwa jina lake.

Na sasa Maniema ya kusini imeingia tena vitabuni. Ng'ambo ya Lualaba, katika eneo la Kibombo, iko hospitali ya Tunda. Oktoba 2022 ulianza huko mpango wa kujaribu dawa kwa wagonjwa wa mpox, ugonjwa wa vipele ambao misitu ya huko imeujua kabla dunia haijaushtukia. Jaribio liliendeshwa na taasisi ileile ya Kinshasa na Wamarekani walewale, Tunda na Kole, katika jimbo la Sankuru. Watu 597, wakubwa kwa wadogo, waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa dawa iitwayo tecovirimat, jingine kidonge kisicho na dawa, na wote wakalazwa angalau siku 14, wakalishwa, wakatunzwa majeraha, wakatibiwa maradhi mengine waliyokuwa nayo.

Agosti 2024 matokeo yakatangazwa. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Ni habari mbaya, na ni utafiti mzuri; mwanafunzi asiyeweza kuyashika mawili hayo kwa pamoja bado hajahitimu. Makala kamili ilitoka mwaka 2025, na kama zile za Kasongo, ilitolewa kwa jina la kundi, ila safari hii majina ya watu yameorodheshwa chini yake.

Ndani ya matokeo hayo kuna tarakimu moja iliyowafurahisha wengi. Katika makundi yote mawili, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati vifo vya mpox nchini Kongo vilikuwa vikitajwa kuwa asilimia 3.6 au zaidi. Watu wakasema: kumbe kulazwa na kutunzwa kunaokoa nusu ya wanaokufa. Mimi pia nilitaka kusema hivyo. Nataka iwe kweli. Kisha nikamkumbuka yule mama aliyeegemea ukuta.

Waliolazwa Tunda ni walioweza kufika Tunda. Aliyekufa njiani, katika machela, kabla ya kuvuka mto, hakuandikishwa. Aliyekuwa mahututi pengine hakukidhi masharti ya kuingia. Mtoto wa mgodini Salamabila, upande wa Kabambare, ambaye mama yake alimpaka majani akangoja, yuko wapi katika ile asilimia 1.7? Na katika ile 3.6, nani alihesabu, na kati ya wangapi? Huenda matunzo yaliokoa watu wengi sana. Ili kujua, inabidi mtu achukue kanda moja ya afya, aandikishe kila mwenye vipele aliyelazwa na asiyelazwa, nyumba kwa nyumba, fishi kwa fishi, kwa mwaka mmoja au miwili, kisha aulize ni kipi hasa kilichosaidia: maji, chakula, usafi wa ngozi, au dawa ya malaria iliyotolewa mapema.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya Antwerp. Inahitaji daktari aliyefundishwa, wauguzi wanane au kumi waliofundishwa pamoja naye, baiskeli, na daftari ambalo kurasa zake za kwanza zimepigwa mstari kwa ajili ya watu ambao bado hawajaja.